Maswali Yenu: Mdudu Anapofia Kichwani

Toleo lililopita tuligusa kifafa kinachomwanza mtu ukubwani. Tulisema kwamba Kanda ya Kati, kwenye vijiji ambako nguruwe wanazurura na vyoo ni vichache, sababu mojawapo ni mayai ya minyoo tegu. Zilikuwa sentensi mbili tu, na barua zilizorudi zimeijaza meza. Tumechagua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Karibu zote, hata ile ya malaria na ile ya paka, zinazunguka swali moja: mwili unapopigana na mdudu ndani ya fuvu, anayeumiza ubongo ni mdudu au ni mwili wenyewe?

Shikamooni. Mume wangu ana kilo 55, anaendesha bodaboda. Ameanguka kifafa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Picha ya CT imeonyesha vifuko vinne vya minyoo kwenye ubongo. Daktari amemwanzishia dawa ya kifafa na prednisoloni, albendazoli akasema itafuata. Ndugu wanauliza: prednisoloni si inashusha kinga? Mtu ana minyoo kichwani, tunamshushaje kinga? Na albendazoli si ipo duka la dawa, kwa nini tusianze leo? — Mama wa watatu, Kibaigwa

Marahaba mama. Swali la ndugu ni la maana, msiwacheke.

Kila kifuko ni kiluwiluwi cha tegu kilichojifungia ndani ya kipochi cha maji maangavu, upana kama sentimita 1. Kilianza kama yai lililomezwa. Yai lilianguliwa utumboni, kikatoka kijidudu chenye ndoano sita, kikatoboa ukuta wa utumbo, kikapanda na damu hadi ubongoni. Baada ya miezi miwili au mitatu kikawa kifuko kamili.

Kikiwa hai, mwili karibu haukioni. Kinatoa protini inayonasa kiungo cha kwanza cha komplimenti, yaani lile kundi la protini za damu linalotoboa wavamizi. Kinajipaka kingamwili za mwenyeji wake mwenyewe, kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Na chembe za kinga zinazokizunguka zinapokea ujumbe wa kutulia. Ndiyo maana kwenye picha kifuko hai mara nyingi kinaonekana kimekaa kimya, ubongo wa pembeni haujavimba, na mwenye nacho hana habari. Askari wa Uingereza waliorudi kutoka India karne iliyopita walifuatiliwa kwa miaka mingi kuhusu ugonjwa huu. Wengi wao walianza kuanguka ndani ya miaka 7 tangu kuambukizwa, lakini wapo waliokaa hadi miaka 30.

Taabu inaanza mdudu anapozeeka. Ukuta wa kifuko unalegea, maji yanakuwa mazito kama uji mwepesi, na protini zilizokuwa zimefichwa zinavuja. Sasa kinga inashtuka. Limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, zinafika, zinamwaga protini ya kupiga kengele iitwayo interferoni gama, zinaita chembe nyingine za kinga, makrofaji na yosinofili, na mishipa ya damu ya eneo lile inaanza kuvujisha maji. Mkononi uvimbe huo ungekuwa jipu la kawaida. Kichwani hauna pa kwenda, kwa sababu fuvu halitanuki, na seli za ubongo zilizo jirani zinaanza kurusha umeme ovyo. Hicho ndicho kifafa cha mume wako.

Albendazoli inaharakisha kifo hicho, tena kwa vifuko vyote kwa mpigo. Vinne vikifa wiki moja, ni magomvi manne ndani ya chumba kimoja. Prednisoloni inawekwa mbele ili ugomvi huo usivunje nyumba, na haimpi mdudu nafuu yoyote, kwa sababu anayemuua ni dawa.

Kwa vipimo: prednisoloni hutolewa kwa kiasi cha miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, au dawa ya jamii hiyo hiyo, deksamethasoni, miligramu 0.1 kwa kilo, nayo huanza kabla ya kidonge cha kwanza cha kuua minyoo. Albendazoli ni miligramu 15 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Kwa kilo 55 inakaribia vidonge vya miligramu 400 kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku 10 hadi 14. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Ikimezwa na chai ya rangi tumboni patupu, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Vifuko hai vikizidi viwili, miongozo hupendelea kuongeza prazikwanteli, miligramu 50 kwa kilo kwa siku. Mkumbushe daktari jina la dawa ya kifafa anayotumia mume wako, kwa sababu karbamazepini na fenitoini huishusha prazikwanteli kwenye damu, na deksamethasoni nayo hufanya hivyo hivyo.

Kabla ya yote hayo, macho yake yachunguzwe. Kifuko kilicho ndani ya jicho kikiuawa kwa dawa, uvimbe wake unaweza kuliharibu jicho. Apimwe pia kifua kikuu na sukari, maana prednisoloni huvichokonoa vyote viwili, na achunguzwe minyoo midogo aina ya strongiloidi, ambayo kinga ikishuka huzaliana ndani ya mwili bila breki. Sababu hizo tu zinatosha kuiacha albendazoli ya dukani ikae dukani. Iko na nyingine: ikiwa kifuko kimeziba njia ya maji ya ubongo, au vifuko ni vingi mno na ubongo wote umevimba, dawa ya minyoo haitolewi kabisa mpaka shinikizo lishughulikiwe, wakati mwingine kwa upasuaji. Duka la dawa halina CT.

Siku za kuangalia zaidi ni ya pili hadi ya tano ya albendazoli. Akiumwa kichwa kwa kuzidi, akitapika, akiona vitu viwili viwili, au akisinzia isivyo kawaida, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Prednisoloni isikatwe ghafla hata akijisikia mzima, hupunguzwa hatua kwa hatua.

Na bodaboda aiache kwanza. Tunajua ndiyo inayolisha nyumba, lakini kuanguka kifafa barabara kuu ya Morogoro, malori yakiwa nyuma, hakuna dawa yake.

Assalaam alaykum. Sisi hatujawahi kula nguruwe, wala mtaa wetu hawafugwi. Binti yangu ameambiwa ana minyoo ya nguruwe kichwani, na watu wameanza kunong'ona. Inawezekanaje? — Baba, Kondoa

Wa alaykum salaam. Inawezekana kabisa, na wanaonong'ona wamechanganya mambo mawili.

Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi hupata tegu mzima tumboni, mnyoo bapa wa mita 2 hadi 4 hivi. Tegu huyo hukaa utumbo mwembamba na hapandi kichwani. Kinachopanda kichwani ni mayai yake, na mayai hutoka kwa binadamu, kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Pingili moja tu inaweza kubeba mayai 50,000. Binti yako alimeza mayai, na nguruwe hakuhitajika mezani. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika juu ya familia za Wayahudi washika dini, wasioonja nguruwe, zilizopata kifafa cha aina hii. Mayai yalitoka kwenye mikono ya wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujua.

Kwa hiyo tafuteni aliye na tegu kati ya wanaoandaa chakula chenu, bila kumdhalilisha. Mara nyingi yeye mwenyewe ameona vipande vyeupe bapa, kama tambi pana, kwenye choo au nguo ya ndani, akaona aibu kusema. Kipimo kimoja cha choo hukosa wengi, kwa sababu mayai hayatoki kila siku, hivyo pelekeni sampuli tatu za siku tofauti. Akipatikana, niklosamidi gramu 2 kwa mtu mzima, itafunwe vizuri kabla ya kumezwa, mara moja, inatosha. Tunaipenda kwa sababu haiingii kwenye damu. Inamuua tegu palepale utumboni bila kugusa kifuko ambacho huenda kimejificha kichwani kwake pia.

Mchicha uliopikwa hauna neno. Kachumbari ndiyo ya kuangalia, na mikono ya anayeikata.

Binti kapimwa kingamwili za tegu kwenye damu, jibu hasi. CT inaonyesha kifuko kimoja. Nani mwongo? — S., Area C

Hakuna mwongo. Kifuko kimoja, hasa kama kimezingirwa vizuri au kimeshageuka chokaa, mara nyingi hakitoi vichocheo vya kutosha kuamsha kingamwili zinazopimika. Kipimo bora cha damu huwanasa karibu wote wenye vifuko viwili hai na zaidi, kisha uwezo wake unaporomoka kwa kimoja. Kinyume chake pia hutokea: kingamwili zipo na ubongo ni safi, kwa kuwa mtu alimeza mayai na mwili ukayamaliza mapema. Daktari husoma picha kwanza, damu inakuja kuunga mkono.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kugawa dawa za kichocho na minyoo, mwanafunzi wa darasa la tano alianguka akakakamaa saa chache baada ya kumeza. Wazazi wanasema dawa ni sumu, na safari hii wengi wametishia kubakiza watoto nyumbani. Niwaambie nini? — Mwalimu, Mpwapwa

Waambie ukweli, maana ukweli unatetea dawa vizuri kuliko kukanusha.

Prazikwanteli ya kichocho hutolewa kwa kufuata fimbo ya urefu. Mtoto wa kati ya sentimita 125 na 138 anapata vidonge viwili vya miligramu 600. Sehemu ya dawa hiyo huingia hadi kwenye ubongo. Mtoto aliyekuwa na kifuko cha tegu kichwani asijue, kifuko kinaweza kushtuliwa, kikavuja, na kinga ikafanya yale tuliyomweleza mama wa Kibaigwa. Degedege linaweza kuja ndani ya saa chache au siku chache. Dawa imefichua ugonjwa uliokuwepo. Yule mtoto anahitaji picha ya kichwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ina CT na MRI, rufaa ianzie kituo cha afya kilicho karibu.

Hata hivyo usimhukumu tegu kwa kila anayeanguka. Mtoto aliyekuja bila kunywa uji akasimama juani, mwenye homa ya malaria, au mwenye kifafa cha zamani ambacho wazazi walikificha, naye huanguka. Kutapika na kuumwa tumbo baada ya kidonge ni jambo la kawaida zaidi, na mara nyingi humpata mwenye kichocho kingi.

Kabla ya kugawa, uliza kila mzazi maswali haya kwa maandishi: mtoto amewahi kuanguka au kukakamaa bila homa? Anaumwa kichwa mara kwa mara? Ana vinundu vigumu chini ya ngozi, au amewahi kutoa vipande vyeupe chooni? Akijibu ndiyo kwa lolote, jina lake lisogezwe pembeni akaonwe na tabibu kwanza. Wengine wale, ndipo wameze.

Akianguka, mlaze kiubavu, ondoa vitu vya kumgonga, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Mate yake hayaambukizi kifafa, mguseni. Zikipita dakika 5, ni safari ya hospitali.

Wazazi wajue pia gharama ya kutomeza. Mayai ya kichocho nayo hupotea njia yakafika kwenye uti wa mgongo. Kinga huyazingira na kutengeneza kinundu, kinundu kinaminya neva, na mtoto anapoteza nguvu za miguu.

Nimesoma kwamba uvimbe wa ubongo unatulizwa na deksamethasoni. Zahanati yetu huletewa watoto wenye malaria kali, wamezimia. Kwa nini tunakatazwa kuwapa? — Tabibu, Bahi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani uvimbe ni uvimbe.

Kwenye malaria ya ubongo kimelea haingii ndani ya nyama ya ubongo hata kidogo. Anabaki ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaota vishikizo vya protini vinavyonata kwenye kuta za mishipa midogo. Mishipa inaziba, kuta zinavuja, ubongo unajaa. Utafiti wa MRI uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa 2015, ulionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Ungetarajia deksamethasoni iwaokoe. Ilishajaribiwa Thailand, matokeo yakachapishwa 1982: haikupunguza vifo, ilirefusha muda wa kuzimia, na waliopewa walipata nimonia na kutokwa damu tumboni zaidi. Kwa tegu, kinga inapigana na mzoga uliokaa sehemu moja, na ukiituliza unashinda. Kwa malaria mishipa imezibwa na chembe zilizonata, na kuishusha kinga hakuzing'oi.

Kinachookoa ni artesuneti na sukari, kwa haraka. Mtoto chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, wengine miligramu 2.4 kwa kilo, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku. Dozi tatu za sindano zikamilike hata kama ameamka na anaomba uji, ndipo ahamie vidonge vya mseto. Kichupa cha miligramu 60 huchanganywa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti iliyo kwenye boksi lake, kikatikiswa hadi kiwe kiangavu. Kikibaki na ukungu, kitupe. Ongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa, au 2 kwa ya msuli. Usikiweke kwenye dripu, na kisikae zaidi ya saa moja.

Pima sukari mara tu anapofika. Ikiwa chini ya milimoli 3.0 kwa lita kwa mtoto mdogo, mpe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Huna? Kijiko cha chai cha sukari kilicholowanishwa maji kidogo, chini ya ulimi, kinanunua muda. Kama mnatoa rufaa na mtoto hajafikisha miaka 6, artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo, itangulie gari.

Dodoma ni mkoa wenye malaria kidogo, na hilo lina upande wake wa pili. Kinga dhidi ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na hufifia. Mtu mzima wa Bahi anayerudi kutoka machimbo ya Geita au kilimo cha Kigoma anaweza kuzimia kama mtoto.

Natumia ARV, CD4 yangu, ile hesabu ya chembe za kinga, ni 85. Kliniki yangu ya CTC wamenipa kotrimoksazoli na kuniambia niwe mwangalifu na paka. Je, nimfukuze paka wangu? — Msomaji, Chang'ombe

Mbakize. Paka mwenye kimelea cha toksoplazma humwaga mayai yake kwa wiki moja hadi tatu tu, mara nyingi mara moja maishani, na mayai hayo hayaambukizi mpaka yakae angalau siku moja nje. Mchanga wake ukitolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari inashuka sana. Mbuzi choma wa Dodoma, mwenye damu karibu na mfupa, ni njia ya maambukizi ambayo watu hawaitaji. Aive hadi ndani.

Pengine kimelea hiki tayari unacho, kama walivyo nacho watu wengi duniani. Hukaa kwenye vifuko vidogo sana ubongoni, na limfosaiti zinamfungia humo kwa interferoni gama, mwaka hadi mwaka. CD4 ikishuka chini ya 100, walinzi wanapungua mlangoni. Ndipo anapotoka, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kupooza upande mmoja, kuchanganyikiwa. Kotrimoksazoli ya miligramu 960 kila siku, yaani vidonge viwili vya 480, ndiyo kufuli ya muda. Usiiache kwa kuwa umenenepa. CTC ndio watakaokwambia CD4 imepanda vya kutosha.

Na jambo moja ambalo huwashtua watu: ukianza ARV kinga inarudi, na katika wiki za mwanzo inaweza kukiona kimelea ilichokuwa haikioni na kuwasha moto. Kichwa kikianza kuuma sana wakati huo, usitupe ARV. Nenda kliniki.

Stendi wanauza unga wa kuongeza kinga. Unamfaa mwenye minyoo kichwani? — Kijana, Nkuhungu

Hapana. Bahati nzuri nyingi ya unga huo haifanyi lolote. Ungefanya kama karatasi yake inavyodai, kwa mgonjwa huyu ndio ungekuwa wa kuogopwa.

Tunarina asali upande wa Rungwa na mbung'o wanatuuma sana. Kwa nini hakuna chanjo ya malale? — Mrina asali, Itigi

Kwa sababu kimelea chake hubadilisha koti. Kimevaa mwilini mzima protini ya aina moja. Kingamwili zikishatengenezwa dhidi ya protini hiyo, wengi wanakufa, lakini wachache wameshavaa koti jingine kutoka kwenye akiba ya jeni zaidi ya 1,000. Homa inashuka, inapanda tena. Chanjo itafundisha kinga koti lipi?

Aina ya Afrika Mashariki haichelewi. Huingia ubongoni ndani ya wiki au miezi michache, na bila dawa huua. Kidonda chekundu kilichovimba pale ulipoumwa, kisha homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambie tabibu kwamba ulikuwa porini na uliumwa na mbung'o, maana hilo swali la pili mara nyingi haliulizwi. Hutazamwa damu kwa hadubini, na maji ya uti wa mgongo hutolewa kujua kama kimefika ubongoni. Dawa ya zamani ya hatua hiyo, melasoproli yenye aseniki, ilikuwa yenyewe ikiua takriban mgonjwa mmoja katika 20, kwa kuwasha ubongo. Tangu 2024 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka feksinidazoli ya vidonge, siku 10, pamoja na chakula. Huko Rungwa vaeni nguo nene za rangi isiyokolea. Bluu na nyeusi ndizo mbung'o anazozifuata, na mitego yake hushonwa kwa rangi hizo hizo.

Nina nguruwe 14. Mchinjaji amekataa wawili kwa kuwa ulimi una punje kama za mchele. Nimesikia kuna chanjo. Ya nguruwe ipo, ya watu haipo? — Mfugaji, Kongwa

Huyo mchinjaji ni wa kumshika vizuri. Ulimi uvutwe nje, ukafutwe kwa kitambaa, na kidole kipite upande wa chini, ndipo punje husikika zikiteleza. Lakini kipimo hiki hunasa nguruwe waliojaa tu. Aliye na punje kumi mwili mzima hupita akiwa na ulimi safi, kwa hiyo ulimi safi usikupe ruhusa ya kula nguruwe mwenye nyama ya pinki kwa ndani. Mapande makubwa ya kitimoto juu ya mkaa mkali huungua nje na kubaki mabichi katikati. Yakatwe madogo.

Chanjo ipo, inaitwa TSOL18, na jinsi inavyofanya kazi inajibu nusu ya swali lako. Inafundisha kinga ya nguruwe kumtambua yule kijidudu mwenye ndoano sita akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye yai, uchi, hajajenga kifuko wala kuvaa ile sare ya mlinzi. Saa hizo kingamwili na komplimenti zinammaliza kirahisi. Akishajifungia, chanjo haimgusi. Ndiyo maana huchomwa mapema, nguruwe akiwa na miezi miwili hivi, ikarudiwa wiki chache baadaye, na huambatanishwa na oksfendazoli ili kuua vifuko vilivyotangulia. Kwa watu haipo sokoni. Kumkinga nguruwe anayeishi mwaka mmoja ni rahisi kuliko kumkinga mtu kwa maisha yake yote, na mzunguko unakatika vilevile.

Oksfendazoli ni miligramu 30 kwa kilo, mdomoni, mara moja. Kosa la kawaida ni kutumia dawa ya kondoo kwa kipimo cha kondoo, ambacho ni kidogo mno kwa kazi hii. Soma nguvu yake kwenye chupa. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo nguruwe wa kilo 40 anahitaji mililita 12. Pima uzito kwa mizani au utepe, kubahatisha kwa macho huwapunja wakubwa. Siku za kusubiri kabla ya kuchinja zimeandikwa kwenye lebo, lakini vifuko vilivyokufa huchukua wiki 8 hadi 12 kusinyaa kwenye nyama, hivyo ukichinja mapema mkaguzi atavikuta na atakataa tena. Wale wawili usiwauze kimyakimya kijiji cha pili. Mwite afisa mifugo. Hao 12 waliobaki wafungie bandani leo, kisha kagua choo cha nyumbani kwako kabla hujakagua cha jirani, kwa sababu mtu aliyewaambukiza nguruwe wako anajisaidia mahali ambapo wao wanafika.